Jinsi mwili unavyotunza joto katika baridi ya Ekerenyo

YEYOTE aliyewahi kupambaukiwa Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira, anaijua baridi ya huko. Ukungu hutanda juu ya mashamba ya chai hadi jua lipande, na wachumaji huingia shambani wakiwa wamejifunga plastiki kuanzia kifuani hadi magotini ili umande usiwaloweshe. Wengi hudhani plastiki hiyo hulinda nguo tu. Kumbe hulinda joto la mwili, kwa maana maji huliondoa takriban mara 25 upesi kuliko hewa tuli yenye baridi iyo hiyo.

Mwili wa binadamu ni jiko lisilozimwa. Mtu mzima aliyeketi tu bila kazi huzalisha joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja ya zile za zamani. Joto hili hutokana na chakula kinachounguzwa ndani ya seli. Lau lote lingebakia ndani, mwili ungepanda joto kwa zaidi ya nyuzi 1 kila saa, na kabla ya jua kutua mtu angekuwa marehemu. Kwa hivyo kupoteza joto ni jambo la lazima. Shida huja pale linapopotea upesi au polepole kuliko linavyozalishwa.

Mizani hiyo hushikwa na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo hujitahidi kuuweka mwili karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. Hupokea habari kutoka kwa ngozi na kutoka kwa damu yenyewe. Baridi ikizidi, huamuru mishipa midogo ya ngozi ijibane ili damu ya moto ibakie ndani; ndiyo sababu vidole hupauka na kufa ganzi. Isipotosha, misuli huanza kutetemeka, na mtetemo huo huweza kuzidisha joto linalozalishwa mara nne au tano.

Joto hutoka mwilini kwa njia nne. Sehemu kubwa hurushwa hewani kama mnururisho, jinsi ukuta uliopigwa na jua unavyotoa joto jioni. Jingine hupita kwenye kitu baridi kinachoguswa, kama vile sakafu ya simiti. Upepo nao hupeperusha hewa vuguvugu iliyoizunguka ngozi. Njia ya nne ni uvukizi wa jasho, na hii ndiyo ya pekee inayobaki hewa inapokuwa na joto kuliko ngozi.

Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto ambalo mtu aliyetulia angelizalisha kwa zaidi ya saa sita. Lakini sharti ikauke. Jasho linalodondoka chini halipozi chochote, na hilo ndilo humtesa mtu wa Nyamira anaposhuka Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Ukizoea, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi hupungua ndani yake. Naftali Temu, mkimbiaji wa jamii ya Abagusii aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kule Mexico City mwaka wa 1968, alikuwa amemshinda Ron Clarke wa Australia miaka miwili awali katika mbio za maili sita mjini Kingston, Jamaika, mji wa pwani wenye fukuto. Mkimbiaji wa kiwango hicho huzalisha joto mara kumi na zaidi ya mtu aliyeketi.

Tukirudi kwenye baridi, kuna tiba mbili za kienyeji zinazostahili kuogopwa. Ya kwanza ni pombe. Mnywaji huhisi moto kwa sababu mishipa ya ngozi yake imefunguka, na joto analolisikia ndilo linalomtoroka. Ya pili ni jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo hunyang'anya damu oksijeni na kuwaua watu usingizini.

Homa ina utaratibu wake. Nyanda za Gusii zimewahi kukumbwa na mikurupuko ya malaria, ukiwemo ule wa mwaka wa 2002. Kwa kawaida baridi huwakinga wakazi, kwani kimelea hukua polepole mno ndani ya mbu joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi. Ndiyo maana wengi hawana kinga, na ugonjwa ukipanda mlimani huwalaza hata watu wazima. Katika homa, haipothalamasi hupandisha kipimo chake, tuseme hadi nyuzi 39 na nusu. Mgonjwa mwenye nyuzi 38 basi huhesabika kuwa amepoa, naye hutetemeka na kuomba blanketi. Mzazi humfunika mtoto mablanketi matatu na kufunga dirisha, na joto hukosa pa kutokea. Mtoto huyo anafaa kuvishwa nguo nyepesi, kunyweshwa kwa wingi na kupelekwa hospitalini apimwe damu bila kungojea kuche.

Hata hivyo, hakuna anayeonewa na baridi kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Ametoka penye nyuzi 37 akiwa ameloa, na unyevu huo unapokauka humwibia joto. Ngozi yake ni pana ikilinganishwa na uzani wake, na kichwa peke yake ni karibu sehemu moja kwa tano ya eneo la mwili. (Ile kauli kwamba mtu mzima hupoteza nusu ya joto lake kupitia kichwani haina msingi, kwa mtoto mchanga, kofia ni jambo la maana.) Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mchanga aliye uchi katika chumba cha nyuzi 23, ambacho mkunga angekiona kizuri tu, hupoteza joto sawa na mtu mzima aliye uchi penye nyuzi 0.

Isitoshe, hawezi kutetemeka. Huchoma mafuta maalumu ya kahawia yaliyo shingoni na mgongoni, na kazi hiyo hula sukari na oksijeni. Akiishiwa, hunyonya kwa udhaifu, hulia kidogo, kisha hutulia kabisa. Jamaa humsifu kwa upole. Mkono wa mama hutambua mapema: nyayo zikiwa baridi ilhali tumbo lina joto, mtoto anahangaika, tumbo nalo likiwa baridi, yumo hatarini.

Kumwosha mara tu anapozaliwa ni desturi ya kuachwa. Ushauri ni kungoja saa 24. Akaushwe papo hapo, kitambaa kilicholoa kitupwe kando, alazwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, avishwe kofia na wafunikwe pamoja. Kwa watoto waliozaliwa na uzani mdogo, mbinu hii huitwa ya kangaruu, nayo ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya upungufu wa mashine za kuwatunza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ulionyesha kuwa kuianza mara baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja mtoto apate nafuu, hupunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianzwe mapema iwezekanavyo. Mama akiwa bado anashonwa au hajiwezi, baba au nyanya anaweza kufungua vifungo vya shati na kumpokea mtoto kifuani.