Kamba Hukatikia Pabovu

Wahenga wa pwani walinena kuwa kamba hukatikia pabovu. Aghalabu kauli hiyo husemwa juu ya mnyonge, kwamba ndiye aonewaye siku zote. Lakini kabla ya kuwa methali ilikuwa habari ya kamba yenyewe, na watu walioabiri bahari katika vyombo visivyo na msumari hata mmoja walikuwa na haja kubwa ya kuijua.

Vyombo hivyo ni vya kale. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kilitaja mashua za kushonwa, na jina la mji wa Rhapta limetokana nazo. Wa mwisho katika ukoo huo ulikuwa mtepe wa visiwa vya Lamu: mbao zilitobolewa kingoni, zikashonwa kwa kamba za usumba, kisha matundu yakazibwa kwa vijiti.

Usumba ni nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa katika tope la pwani kwa miezi kadhaa, yakaoza kwa maji ya chumvi. Hufukuliwa, yakapondwa na kusafishwa, na nyuzi zikasokotwa kwa viganja. Unguja na Pemba kazi hiyo imekuwa ya wanawake. Aliyewahi kuzishika nyuzi hizo anajua kuwa hazifanani: huu mnene, huu mwembamba, mwingine umeoza kupita kiasi. Hata uzi mmoja haulingani toka ncha hadi ncha. Ndiyo maana vitabu vya uhandisi haviupi usumba nguvu moja. Hutaja takriban megapaskali 100 hadi zaidi ya 200, yaani uzi mmoja waweza kuwa na nguvu maradufu ya mwenziwe.

Wataalamu wa Ulaya walichelewa kulifahamu jambo hili. Mwaka 1638 Galileo alichapisha kitabu cha mazungumzo ambamo mmoja wa wazungumzaji adai kuwa kamba ndefu haibebi uzito ibebao kamba fupi. Akajibiwa kuwa amekosea, kwani kamba ya dhiraa 40 hukatika mahali pamoja tu, na urefu uliobaki hauna hatia. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Kamba hukatika mahali pamoja, naam, ila kamba ndefu ina mahali pengi zaidi pa kuwa pabovu.

Nusu ya pili ilingoja hadi 1926, pale F. T. Peirce, mtafiti wa nyuzi za pamba huko Manchester, alipoipigia hesabu. Chukuliwe mfano: katika vipande 100 vifupi vya uzi, 90 vinastahimili uzito fulani. Uzi wenye urefu wa vipande 10 utastahimili uzito huohuo ikiwa tu vyote 10 ni vizima, na katika nyuzi ndefu 100 za namna hiyo zitakazosalia ni kama 35. Mwaka 1939 Waloddi Weibull wa Sweden aliieneza hesabu hiyo kwa vitu vigumu vya kila aina.

Vipi basi abiria alisalimika? Mwaka 1945 Henry Daniels alichunguza kwa hesabu nyuzi nyingi zilizofungwa pamoja. Alionyesha kuwa fungu ni dhaifu kuliko jumla ya nyuzi zake, maana zilizo dhaifu hutangulia kukatika na kuzitwika nyingine mzigo. Lakini kadiri nyuzi zinavyozidi, nguvu ya fungu haibahatishwi tena. Na baharia hataki kamba kali kuliko zote, ataka ile asiyoitilia shaka. Usumba una fadhila zaidi: hunyumbuka, hata kurefuka sehemu 15 hadi 40 kwa kila 100 kabla ya kukatika, hivyo nyuzi hupata wasaa wa kugawana mzigo. Msokoto nao huubana uzi uliokatika, ukaendelea kubeba mzigo hatua chache kutoka pale ulipokatikia.

Katika mtepe, kila tundu lilizibwa kwa kijiti kilichoibana kamba. Kamba ilipokatika tundu moja, mshono wa jirani haukulegea. Nakala kamili ya chombo hicho iliwekwa Beit al-Ajaib, Unguja, miaka kadhaa kabla ya sehemu ya jengo hilo kuporomoka mwezi Disemba 2020. Mtazamaji aliweza kukaribia na kuzihesabu kamba, tundu baada ya tundu.