Ndiva, Dumu na Bomba

Wingu la Bahari ya Hindi likifika Upareni hukutana na Shengena, kilele cha mita 2,462, likatua mzigo wake kwenye msitu wa Chome. Mji wa Same uko upande wa pili, kwenye kivuli cha mvua. Hupata kama milimita 600 kwa mwaka, vuli na masika pamoja. Mawingu mkazi wa Same huyaona; maji ndiyo humpa taabu.

Wapare wa milimani walipata jibu lao kabla ya ukoloni: ndiva. Ni bwawa dogo lililochimbwa kwenye mteremko, ambalo mfereji hulijaza usiku watu wakiwa wamelala. Asubuhi tundu huzibuliwa, maji yakateremka mashambani kwa zamu. Tope likizidi huitishwa msaragambo, kazi ya pamoja, na asiyefika hutozwa faini. Katika vijiji vya Bangalala na Vudee utaratibu huo ungali hai.

Lakini ndiva ni ya mahindi na maharage. Maji ya kunywa yalitekwa kwenye chemchemi, na mji uliokua kando ya reli ya Tanga–Moshi ulikuwa mbali nazo. Visima vya tambarare navyo, vingi ni vya chumvi.

Kwa maji ya bomba, Unguja ilitangulia: Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchemi za Bububu mpaka Mji Mkongwe kwa mabomba. Bara, ahadi kubwa ilitolewa 1971, kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji angepata maji safi karibu na nyumbani. Mwaka 1991 ukafika, madumu yangali kwenye foleni, na sera mpya ikamtaka mtumiaji achangie gharama.

Kumbe maji mengi yalikuwa bondeni. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji, liko chini kuliko Same, kwa hiyo maji yake hayaji yenyewe kama ya mfereji. Husafishwa, yakasukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya vilimani, ndipo yashuke. Mradi huo, wa Same–Mwanga–Korogwe, ulianza 2014. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Machi 2025.

Vudee mtu hulipia zamu yake kwa jembe, siku ya msaragambo. Same mjini, mita husomwa, ankara ikaja mwisho wa mwezi.