Udhibiti wa viluwiluwi vya mbu (Bulla Pesa)

Udhibiti wa viluwiluwi ni kuwaangamiza mbu wangali majini, kabla hawajaota mabawa. Bulla Pesa, wadi ya mji wa Isiolo katika eneobunge la Isiolo Kaskazini, Kenya, iko kwenye ukanda mkavu, na wageni hudhani penye maji haba mbu ni wachache. Sivyo. Uhaba ndio unaowafanya watu waweke akiba, na maji yakikaa ndani ya pipa lisilofunikwa, yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14 hivi.

Kila mbu ana mazalia yake. Anofelesi, mwenezaji wa malaria, hupenda madimbwi yanayopigwa na jua, kama yale yanayobaki lagani (mito ya msimu) na kwenye nyayo za mifugo baada ya mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Kuleksi huridhika na vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba. Edesi, mwenezaji wa dengi na chikungunya, hutafuta mapipa, mitungi na tairi kuukuu. Mayai yake hung'ang'ania ukuta wa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi, hivyo kumwaga maji hakutoshi. Sharti pipa lisuguliwe ndani.

Mpaka huo kati ya mbu wa dimbwi na mbu wa pipa umeanza kufutika. Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012, na mwishoni mwa 2022 akapatikana Marsabit, kaunti inayopakana na Isiolo na kuunganishwa nayo na barabara kuu ya Moyale. Huyu huzaliana ndani ya matangi ya mjini, hata kiangazi. Kwa mji wa njiani kama Isiolo, kifuniko cha tangi sasa ni kinga ya malaria pia.

Pasipofunikika hutiwa dawa. Bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa jangwani Negev mwaka 1976, huharibu utumbo wa kiluwiluwi anayemmeza bila kudhuru watu wala mifugo, ila nguvu yake hudumu wiki chache tu. Temefosi, dawa ya kemikali ya kuua viluwiluwi, huruhusiwa katika maji ya kunywa, isizidi miligramu 1 kwa lita. Shirika la Afya Duniani hushauri dawa hizi pale mazalia yalipo machache, ya kudumu na rahisi kuyapata: matangi yanafaa, nyayo za ngamia hazifai. Kwa vyoo vya shimo kuna mfano wa Makunduchi, Zanzibar, ambako mwaka 1988 punje za polistireni zinazoelea zilimwagwa mashimoni dhidi ya kuleksi, mwenezaji wa matende.

Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya (Sura 242) ni kali kuliko wengi wanavyojua: viluwiluwi kuwepo tu katika maji ya boma ni kosa, hata kama hakuna aliyeugua.