Wembe, Chuku na Sindano: Maneno ya Tiba na Elimu ya Afya katika Pwani ya Mgao

Pwani iliyo kusini kabisa mwa Tanzania, tangu Mikindani na Msimbati hata mlango wa mto Ruvuma, imo katika nchi ambayo watu wa kale waliiita Mgao, na lahaja yake yajulikana kwa jina la Kimgao. Wengi walioandika habari za pwani hii wameitaja kwa ajili ya bandari zake, misafara yake na biashara ya watumwa. David Livingstone alishuka Mikindani mwezi wa Machi, 1866, akaanzia hapo safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Lakini iko historia nyingine iliyo karibu zaidi na maisha ya kila siku, nayo ni ya jinsi watu walivyotibiwa kwa kukatwa au kutobolewa ngozi. Historia hiyo yaweza kufuatwa kwa kuyachungua maneno machache: kuchanja, kuumika na sindano. Maneno hayo yalikuja kubeba mafundisho ya afya ya serikali, na jinsi yalivyofahamiwa imekuwa na faida na hasara pia.

Kuchanja, kwa asili yake, ni kupasua au kukata mikato, kama vile kuchanja kuni. Katika uganga maana yake ni kukata chale ndogo katika ngozi na kupaka dawa ndani yake, ili iingie mwilini. Yafaa kuangalia kwamba jambo hili halikufanywa kwa mgonjwa tu. Mtu mzima wa afya naye alichanjwa apate kinga, kabla madhara hayajamfika. Kwa hiyo wazo la kumtia mtu dawa mwilini leo ili imlinde kesho halikuwa geni kwa watu wa pwani wala wa bara.

Juu ya uwanda wa Makonde mikato ya ngozi ilikuwa na kazi nyingine pia. Wamakonde walichora nyuso na miili yao kwa chale zilizopakwa masizi, wakaziita dinembo. Karl Weule, Mjerumani aliyesafiri katika nchi hiyo mwaka wa 1906, alizieleza na kuzipiga picha. Katika Kiswahili neno hilo ni nembo, nalo maana yake ya zamani ni chale ya mapambo au ya kabila. Leo neno lilo hilo latumika kwa alama ya shirika, chama au dola, na wengi walitumiao hawakumbuki kwamba lilianza katika ngozi ya mtu. Nembo ilisomwa: mwenye kuiona alijua mwenziwe ni wa watu gani.

Kuumika ni kinyume cha kuchanja, kwa kuwa hakutii kitu bali hutoa. Chombo chake ni chuku, yaani pembe ndogo ya mnyama iliyotobolewa katika ncha. Mumishi hukata chale, huweka mdomo mpana wa pembe juu yake, hufyonza hewa kwa ncha, kisha huziba tundu kwa nta. Nyama huvimba ndani ya pembe, na damu hutoka. Waislamu wa pwani wanaijua kazi hii pia kwa jina la Kiarabu, hijama, nayo imetajwa katika mapokeo ya tiba ya Mtume. Lugha nayo imepata msemo kutokana na chombo hiki: kupiga chuku ni kutia chumvi habari, na yaelekea asili yake ni ule uvimbe unaoinuka mahali palipokuwa sawa.

Juu ya mawazo hayo mawili, dawa kuingia na ubaya kutoka, ndipo ilipofika sindano ya hospitali. Sindano ilikuwa chombo cha kushonea nguo. Katika uganga wa kigeni ikawa jina la chombo cha kutilia dawa mwilini, kisha jina la dawa yenyewe, hata mtu akasema amepigwa au amechomwa sindano bila ya kutaja kilichomo. Sifa yake kubwa ilitokana na buba, ugonjwa wa vidonda uliowashika zaidi watoto wa vijijini. Tangu miaka ya 1920 buba ilitibiwa katika Afrika ya Mashariki kwa sindano za dawa zenye aseniki au bismathi. Baadaye ilikuja penisilini, ambayo sindano yake moja ilitosha kuponya. Katika kampeni iliyoongozwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kati ya 1952 na 1964, watu wapatao milioni 50 walitibiwa katika nchi nyingi za joto. Kusini mwa Tanganyika hospitali za misheni zilikuwa na sehemu kubwa katika tiba ya vijijini: Wabenediktini walikuwa Ndanda tangu 1906, na Dakta Leader Stirling alifika Lulindi, karibu na Masasi, mwaka wa 1935, mwaka wa 1975 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Vidonda vilivyomtesa mtoto kwa miezi vilikauka upesi machoni pa wazazi wake. Hapana ajabu kwamba sindano ilihesabiwa kuwa ndiyo dawa hasa, na mgonjwa aliyepewa vidonge akaona kwamba hakutibiwa.

Kwa ndui mambo yalikuwa tofauti kidogo, kwani hapo neno la zamani lilipewa kazi mpya. Wenyeji hawakusema kupiga sindano ya ndui, bali kuchanja ndui, nao walisema sawasawa. Dawa haikusukumwa ndani ya nyama. Ilitiwa katika mikwaruzo ya ngozi. Hata sindano yenye ncha mbili, iliyobuniwa mwaka wa 1965, ilishika tone la dawa kati ya ncha zake, nayo ilidungwa juu juu katika mkono kiasi cha mara 15. Baada ya hapo lilibaki kovu, na wakaguzi walitazama mikono ya watu ili wajue nani amechanjwa. Alama ya ngozi ikawa tena kitu cha kusomwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alionekana Merca, katika pwani ya Somalia, mwaka wa 1977, na mwaka wa 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa huo umekwisha. Neno, hata hivyo, lilibaki, likapanuka. Matone ya kuzuia polio huitwa chanjo, ijapokuwa mtoto huyameza na hakuna mahali palipokatwa.

Kupanuka huku kwa maana hakukutosha kueleza sababu za maradhi. Kazi hiyo ilifanywa kwa namna kubwa mwaka wa 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu karibu milioni 2 walikutana kusikiliza redio, kusomewa kitabu na kujadiliana juu ya malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Kisha walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Mkoa wa Mtwara wakati huo ulikuwa mbele kwa wingi wa vijiji vya ujamaa, hasa kwa sababu vita vya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma viliwafanya watu wa mpakani wakusanyike. Kampeni hiyo haikuleta sindano mpya. Ilileta mazungumzo, na ndani yake mtu aliweza kuuliza kwa nini.

Katika miaka hiyo ilikuwapo nchini sindano ya namna nyingine. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka wa 1964 na Tanzania Bara mwaka wa 1968, na miongoni mwa elimu yao ilikuwamo akupancha, yaani tiba ya vitobo. Sindano yake ni nyembamba na haina tundu. Hudungwa mahali maalumu, huachwa kwa muda, kisha hutolewa. Haitii dawa wala haitoi damu. Kwa hiyo neno sindano, likitumika peke yake, humpoteza msikilizaji, kwa maana yeye hungojea kitu kiingie. Lakini Wachina wana chombo kingine ambacho mtu wa Mikindani angekitambua mara moja: kikombe cha kufyonza ngozi, ambacho hewa yake hupunguzwa kwa moto badala ya mdomo. Hiyo ni chuku. Anayetaka kuieleza tiba ya Kichina kwa Kiswahili ana mahali pazuri pa kuanzia kuliko sindano ya buba. Sheria ya mwaka wa 2002 imeziweka tiba asili na tiba mbadala chini ya baraza moja, na kwa upande wa lugha jirani hizi zilikuwa zimekwisha kukaribiana.

Hata hivyo urithi wa maneno una hatari yake. Wembe wa mganga ulipita kutoka mtu hadi mtu, na neno kuchanja halikusema lolote juu ya kuusafisha. Baada ya UKIMWI kutambuliwa nchini mwaka wa 1983, ilibidi watu wafundishwe kwamba wembe ni wa mtu mmoja na sindano ni ya mara moja, iwe ya hospitali, ya mganga au ya Kichina. Tena ilibidi ielezwe kwamba tiba ipunguzayo maumivu siyo kinga ya maradhi ya kuambukiza. Chuku na vitobo havishiki mahali pa chanjo.

Mwezi wa Julai, 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini, neno lilikuwa tayari, wala hapakuwa na haja ya kulibuni. Lililobaki ni lile lililofanywa katika vikundi vya 1973: kumweleza mtu ni nini kinachoingia mwilini mwake, kinafanya kazi gani, na kwa nini akubali. Mganga wa kale alipokata chale aliyekatwa alijua ameijia dawa ipi na kwa haja ipi. Mfanyakazi wa afya alitumiaye neno lake yampasa kumwachia mtu ujuzi huo pia.