Hitilafu za chipuseti: Ipi hutibiwa kwa kiraka, ipi huhitaji mazabodi mpya

KOMPYUTA inapoganda mara kwa mara, kupoteza diski yake au kuharibu mafaili wakati wa kunakili, lawama huangukia virusi, diski au Windows. Wakati mwingine, hata hivyo, chanzo ni chipuseti, yaani chipu zilizo kwenye mazabodi ambazo hupitisha data kati ya prosesa na vifaa kama diski, kadi ya sauti na soketi za USB.

Hitilafu hizo ni za aina mbili. Ipo ya mpangilio, ambapo chipu haijaungua wala kuchakaa, bali utendaji wake una kasoro inayoweza kukwepwa kwa programu. Ipo pia ya kimaumbile, ambapo chipu yenyewe huchakaa, na hiyo haina kiraka. Asiyezitofautisha hulipia matengenezo yasiyomsaidia na, kibaya zaidi, huweza kupoteza kumbukumbu zake zote.

Mfano wa aina ya kwanza ulijitokeza mwaka 2001 kwa chipu ya VT82C686B ya kampuni ya VIA ya Taiwan. Mafaili makubwa yaliponakiliwa kutoka diski moja hadi nyingine, hasa kwenye kompyuta zenye kadi ya sauti ya Sound Blaster Live!, data iliweza kufika ikiwa imeharibika. VIA ilitoa draiva mpya, watengenezaji wa mazabodi wakatoa BIOS mpya, na mfumo wa Linux ukaongezewa kiraka chake. Chipu ilibaki ileile. Kilichobadilishwa ni jinsi vifaa vinavyopeana zamu katika njia ya data iitwayo PCI.

Aina ya pili ilionekana Januari 31, 2011, Intel ilipotangaza kusimamisha usafirishaji wa chipuseti zake za mfululizo wa 6. Transista moja katika sehemu inayohudumia soketi za SATA za kasi ya gigabiti 3 kwa sekunde ilivujisha umeme, hivyo soketi hizo zingeweza kudhoofika kadiri muda ulivyopita. Soketi 2 za gigabiti 6 hazikuathirika, na waliohamishia diski zao huko waliweza kuendelea na kazi. Dawa kamili ilikuwa kubadilisha chipuseti. Intel ilikadiria gharama za ukarabati na ubadilishaji kuwa dola milioni 700 za Marekani.

Kutokana na visa hivyo, uchunguzi unafaa kufuata utaratibu huu:

1. Nakala za akiba zitangulie. Mafaili muhimu yahamishiwe kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote, kisha yafunguliwe kuhakikisha kuwa ni mazima.

2. Waya wa diski ubadilishwe, na diski ihamishiwe soketi nyingine. Katika taarifa ya afya ya diski iitwayo SMART, hesabu ya makosa ya CRC haishuki. La kuangalia ni iwapo inaendelea kupanda baada ya kuwekwa waya mpya. Ikiendelea, shaka inahamia kwenye soketi, chipuseti au diski yenyewe.

3. Diski ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Ikifanya kazi huko bila kasoro, yaelekea diski haina kosa.

4. Kompyuta iwashwe kwa Linux kutoka kwenye flashi. Tatizo likitoweka, draiva za Windows ndizo za kuchunguzwa kwanza. Likibaki, yaelekea ni kifaa.

5. Draiva na BIOS zichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au mazabodi, kwa namba kamili ya modeli. Tovuti zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mara moja huweza kuleta programu hasidi.

BIOS isibadilishwe umeme ukiwa wa wasiwasi. Ukikatika katikati ya kazi, mazabodi huweza isiwake tena. Kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS, na ya mapajani iwe na betri iliyojaa pamoja na chaja yake.

Iwapo soketi ileile itaendelea kupoteza kila diski inayounganishwa nayo, hata baada ya waya, draiva na BIOS kubadilishwa, hakuna haja ya kuweka Windows upya kwa mara nyingine. Mwenye kompyuta adai haki ya waranti ikiwa haijaisha; kama imekwisha, atumie soketi nzima huku akijiandaa kununua mazabodi nyingine.