Sufuria Iliyovuka Bahari

Wengi wenu mmekula khichdi iliyopikwa katika sufuria kubwa ya shaba iliyomo jikoni mwa hekalu letu, pasipo kujua kwamba ilitumika baharini kabla ya kufika Kingolwira.

Wazee wetu waliondoka Mandvi na Porbandar kwa majahazi, wakiletwa na upepo wa kaskazi hadi Unguja na Bagamoyo. Kusi ndiyo iliyowarudisha. Jiko lao lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa udongo, likawekwa juu ya sitaha. Bahari ilipochafuka moto ulizimwa, watu wakala vikavu. Basi vyombo vilichaguliwa kwa akili. Chungu cha udongo hupasuka jahazi likiyumba; shaba hubonyea tu. Kalasia ilikuwa na tumbo pana na shingo nyembamba, maji yasimwagike. Unga wa uwele ulikandwa, mkate ukapigwapigwa kwa viganja na kuokwa juu ya tawa ya chuma, bila haja ya kibao wala kifimbo.

Shaba nayo ina hatari yake. Ukwaju na maziwa ya mgando huila, chakula kikageuka sumu. Ndiyo sababu ndani ilipakwa bati, kazi ambayo sisi Wagujarati huiita kalai, na ilirudiwa kila bati lilipochakaa.

Majina nayo yalishuka bandarini. Kalasia, tawa na karai yametoka India pamoja na vyombo vyenyewe, ilhali sufuria ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya chombo cha shaba. Leo karai hubebea zege na sufuria ni ya alumini, wala hakuna anayeshangaa.

Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, wenye maduka waliifuata. Baba wa babu yangu, aliyekuja kwa jahazi, alishuka hapa na sufuria mbili. Moja ndiyo hii. Ya pili niliiuza mimi, nikiwa kijana, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Bibi hakunigombeza. Aliuliza tu kama niliisugua masizi kabla ya kuitoa nyumbani.

Sasa yapo mazungumzo ya kuiuza iliyobaki, kwa kuwa bati limekwisha na haipikiki. Nimeambiwa fundi wa kalai yupo Dar es Salaam. Gharama za kuipeleka, kuipaka na kuirudisha nitazilipa mimi.