Jina na Anwani: Marejeleo ya Kitaaluma ya Kiswahili kutoka Juzuu ya Karatasi hadi Kiungo cha Kudumu

Mtoni, kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, ni jina lililoanza kama maelekezo. Kiambishi -ni kilimwonyesha msikilizaji mahali palipo na mto. Hapo ndipo Sayyid Said bin Sultan alipojenga kasri lake, na humo ndimo Salme binti Said alimozaliwa mwaka 1844. Kasri limebaki magofu, ila jina halikuanguka pamoja na kuta zake. Darajani ni mfano ulio wazi zaidi: hori lililotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo limefukiwa, daraja halipo, na bado hakuna dereva wa daladala anayeuliza Darajani ni wapi. Kielezi cha mahali kimekuwa nomino ya pekee, nacho hufanya kazi yake bila kuhitaji kitu kilichokizaa. Makala haya yanaitumia tofauti hiyo ya jina na anwani kuichunguza historia ya namna tunavyorejelea maandishi ya kitaaluma kuhusu Kiswahili.

Tatizo la marejeleo yanayopotea halikuletwa na intaneti. Baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 na kuanza kutoa jarida lake. Kamati hiyo haikutulia. Ilianzia Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, Kampala mwaka 1952, Mombasa mwaka 1962, kisha ikarejea Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI. Mwaka 2009 TUKI nayo iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa TATAKI. Jarida lenyewe lilibadili jina mara kadhaa kabla ya kuitwa Swahili na hatimaye Kiswahili. Kama rejeleo la makala lingetegemea jina la taasisi na mji wake, msomaji wa leo angekuwa na kazi ya kumfuata mhamaji kutoka nyumba hadi nyumba. Rejeleo liliokolewa na mambo mawili: hesabu ya juzuu iliyoendelea licha ya majina kubadilika, na nakala zilizotawanyika katika maktaba nyingi. Jambo hili la pili husahaulika upesi.

Anwani ya wavuti iliyavunja yote mawili. Hutaja seva, mara nyingi pamoja na jina la taasisi na hata la folda, na kwa kawaida huelekeza kwenye nakala moja tu. Tim Berners-Lee, aliyeuvumbua wavuti, alionya mapema, mwaka 1998, kwamba anwani hubadilika kwa sababu watu huzibadilisha. Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2014 Jonathan Zittrain na wenzake walionyesha kwamba takriban nusu ya viungo vilivyonukuliwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye maandishi yaliyokusudiwa. Ikiwa mahakama yenye maktaba na bajeti kubwa hivyo inakumbwa na hali hiyo, tasnifu ya uzamili yenye viungo thelathini vya tovuti haina kinga.

Katika uwanja wetu, jarida la Swahili Forum linafundisha mengi. Lilianza mwaka 1994 likiwa sehemu ya mfululizo wa machapisho ya Chuo Kikuu cha Cologne. Baadaye lilitolewa bure mtandaoni likiwa Mainz, kisha likahamia Leipzig. Limehama mji hadi mji, kama ilivyokuwa kwa Kamati. Mtafiti aliyenakili anwani ya Mainz ameinukuu nyumba ya kupanga. Makala zilizowekwa katika hazina ya kidijitali ya Leipzig zimepewa vitambulishi vya URN, ambavyo hutafsiriwa kuwa anwani na Maktaba ya Taifa ya Ujerumani. Seva ikihama, kitambulishi hubaki kilivyo.

DOI hufuata kanuni hiyohiyo. Kitambulishi huanza kwa 10 na nukta, ikifuatwa na namba ya mchapishaji, mkwaju, kisha alama za makala. Crossref, shirika lililoundwa mwaka 2000, husajili vitambulishi hivyo kwa ajili ya wachapishaji wa kitaaluma. Makala ikihama, mchapishaji hurekebisha rekodi, na tasnifu zilizoinukuu haziguswi. Asiporekebisha, DOI hufa kama kiungo kingine chochote. Udumishaji ni ahadi ya watu, haumo katika namba. Gharama imekuwa kikwazo kwa majarida yetu, ingawa tangu 2023 Crossref imeziondolea ada taasisi za nchi kadhaa zenye kipato cha chini, Tanzania ikiwamo.

Uundaji wa alama unahitaji uangalifu pia. Wahariri wengi hupenda kuingiza kifupi cha taasisi ndani ya kitambulishi, kwa fahari inayoeleweka. Lakini alama yenye neno "tuki" ingekuwa imepitwa na wakati kufikia 2009. Namba tupu isiyo na maana haizeeki. Anayechunguza Mtoni analijua hili bila kufundishwa: kumbukumbu za Salme zilichapishwa Berlin mwaka 1886, mkusanyo wa vitabu na karatasi zake uko Leiden, na majalada ya ubalozi wa Uingereza yako Kilimani, katika Nyaraka za Taifa, chini ya herufi AA. Herufi hizo hazielezi chochote kuhusu rafu wala chumba, ndiyo maana jalada linaweza kuhamishiwa rafu nyingine na tanbihi ikabaki sahihi.

Kwa makala isiyo na DOI, kama zilivyo nyingi za Kiswahili, inafaa rejeleo liandikwe kwa ukamilifu wa zamani: mwandishi, mwaka, jarida, juzuu, namba na kurasa. Kiungo kiongezwe baada ya hayo, pamoja na tarehe ya kusomwa na, inapowezekana, nakala iliyohifadhiwa katika Internet Archive.